Rangi ya mafuta iligoma kukauka wiki ya posa ya mdogo wangu: nilivyoibembeleza mpaka kanzu nyeupe zikaegemea ukuta

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Naandika huku nimeegemea ukuta. Lishikeni hilo kwanza, mbele mtaelewa kwa nini mtu mzima anajisifia kuegemea ukuta.

Haya yamenitokea mwenyewe, nyumbani kwetu Mtoni. Anayebisha aje auguse huo ukuta kwa mkono wake, soda juu yangu.

Kwanza mnijue. Mie ni mtu wa ndani. Form four nilimaliza, cheti kipo, hakijanipeleka popote na mie sijakisukuma. Kazi yangu kutengeneza feni na redio, naifanyia uani kwetu. Mteja anakuja na feni iliyovunjika shingo, anaiacha, anarudi akikumbuka. Wengine hawakumbukagi. Kwenda Kariakoo kufuata spea kwangu ni safari, naaga watu kabisa.

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, anakaa Kimara. Huyo ananiita "mwali". Kwa wasiojua mambo ya pwani, mwali ni binti aliyewekwa ndani, hatoki mpaka siku yake ifike. Mie nina ndevu.

"Mwali hajambo?" Ndiyo salamu yake akipiga simu. Bimkubwa, mama yetu, anacheka, mdogo wangu Zuhura anacheka, na mie nacheka maana nitafanyaje.

Sasa tuje kwenye ishu.

Zuhura alipata mchumba. Kijana mstaarabu, familia ya Waarabu wa hapa hapa Mtoni, wana duka la vitambaa tangu sie tunatumwa chumvi. Wakaleta habari kwamba Ijumaa ya wiki inayofuata, baada ya swala, wazee wao watakuja na posa.

Sasa wazee kuja maana yake nini? Wanaume wamejaa sebule, kanzu nyeupe pee, wamekaa chini kwenye mikeka, migongo ukutani. Hapo hakuna habari ya makochi. Kochi ni ukuta.

Na ukuta wetu, wakuu, ulikuwa aibu. Rangi ya zamani inamwagika kama unga wa ngano. Ukiegemea unainuka umefanana na mkaanga chapati.

Shangazi akaja kutembea, akautazama, akaupangusa kwa kidole, akakipuliza kile kidole.

"Shughuli ije kwangu Kimara," akasema. "Tiles zipo, masofa yapo, choo cha wageni kipo. Mtawakalisha watoto wa watu kwenye vumbi hili?"

Bimkubwa akajibu polepole, bila hata kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anachagua: "Wifi, Zuhura baba yake kaacha nyumba. Ataposwa kwa baba yake."

Hapo ndipo palipouma. Mzee ile nyumba aliijenga kidogo kidogo, miaka na miaka, akafa kabla hajaona hata mtoto mmoja akiposwa. Kwa Bimkubwa, kwenda kuazima sebule Kimara ilikuwa sawa na kutangaza kwamba mumewe hakuacha kitu.

Shangazi si mtu mbaya. Marehemu ni kaka yake yule. Akatafakari, akasema, "Haya. Alhamisi nakuja mwenyewe kukagua. Ukuta ukinifurahisha, shughuli hapa hapa. Usiponifurahisha, wageni waelekezwe Kimara, na nisisikie kilio."

Tatizo likawa fundi. Fundi rangi tunayemwaminia alikuwa kapata kazi Gongo la Mboto. Simu anapokea, anakwambia kesho. Ukipiga kesho, anakwambia kesho.

Ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Napaka mie."

Hata mchele ulisimama.

Zuhura akaniangalia: "Kaka Sefu, wewe hata kucha zangu ulishindwa kunipaka."

Shangazi akaongeza: "Mwali atapaka hina, siyo ukuta." Wakacheka mpaka jirani akachungulia.

Sawa. Ijumaa ya wiki ile nikaanza.

Nikakwangua ukuta wote, nikaufuta, nikaziba mashimo. Nikaamua nipake kama nyumba nyingi za kwetu: juu rangi ya maji, krimu, na chini, kuanzia usawa wa kiuno, rangi ya mafuta ili ikichafuka unafuta tu kwa kitambaa. Ya chini nikachagua damu ya mzee. Mnaijua, ile nyekundu iliyokolea. Niliona ina heshima. Sikukaa nikafikiria rangi hiyo na kanzu nyeupe.

Juu kulienda kama ndoto. Rangi ya maji nimepaka Jumamosi asubuhi, mpaka adhana ya adhuhuri imekauka, nikarudia, jioni imekauka tena. Nikapiga picha nikatupia status: "Fundi kazini." Watu wakaweka emoji za makofi. Kichwa kikavimba.

Sasa mie kwenye feni zangu natumiaga rangi ya kopo, ile ya kupuliza. Ile ukipuliza, ukienda kunywa maji ukirudi imekauka. Rangi ya maji nayo nimeona ilivyo. Nikajua rangi ni rangi. Zote ukipaka unasubiri kidogo unaendelea na maisha.

Nawaambia nilivyofanya, mnicheke vizuri.

Rangi ya mafuta ilikuwa nzito. Muuza duka hakuwa na tapentaini ya kuichanganyia. Kwenda duka la mbali nikaona uvivu. Nikachukua mafuta ya taa ya Bimkubwa, nikamimina kwa upendo.

Mchana huo huo nikapaka koti la kwanza. Jioni nikaona bado linang'aa, nikasema limependeza, ngoja niongeze la pili hapo hapo, zito, nimalize kazi.

Mawingu yakatanda, nikaogopa mvua na vumbi la barabarani, nikafunga madirisha yote. Nikashusha na mapazia.

Na Bimkubwa naye, asubuhi yake, akaingia akakunja uso. "Nyumba ya posa inanuka gereji?" Akaleta chetezo, akaweka udi, akakiacha katikati ya sebule iliyofungwa. Moshi ukajaa mle ndani kama wanaaga maiti.

Mpaka Jumapili jioni ukuta haujakauka. Nikasema labda rangi nzuri ndivyo zilivyo.

Jumatatu asubuhi nikasikia ukelele uani: "Jamani Sukari kagongwa! Sukari kagongwa na pikipiki!"

Sukari ni paka wa Bimkubwa. Mweupe wote. Nikatoka mbio, namkuta paka katulia anajilamba, ubavu mzima una mstari mwekundu kuanzia bega hadi mkia.

Bimkubwa analia, mie nimeshaelewa. Kaingia sebuleni, kajisugua ukutani kama kawaida ya paka.

Nikaingia ndani, nikafungua pazia, nikautazama ukuta kwenye mwanga.

Wakuu, chini kote ulikuwa umekunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Juu ngozi, ukibonyeza chini yake uji. Majivu ya udi yamenata kila mahali, vidoadoa vyeusi kama pilipili manga. Na manyoya ya Sukari yapo, kama ushahidi.

Zuhura akaja akasimama nyuma yangu. Nilitegemea utani. Hakunitania. Akasema tu, "Kaka, wale wazee wataegemea hapa?" Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Bimkubwa alimfuta paka kwa kanga, akaingia, akauona ukuta. Mikeka mipya alikuwa kaitandika akiipima. Akaanza kuikunja mmoja mmoja. Mpaka wa mwisho ndio akasema, "Mpigie shangazi yako. Mwambie tutakwenda Kimara."

Bora angenitukana.

Nikamwomba, "Mama, nipe mpaka Alhamisi. Si tumepewa mpaka Alhamisi?"

Akanitazama. "Utafanya nini, Sefu?"

Nikachukua kigoda, nikakaa nikautazama ukuta.

Na hapa wakuu naomba mniheshimu, maana kukaa ni kitu nakijua. Kuna watu wana vipaji vya mpira. Mie nipe kigoda.

Nikakaa. Nikatazama. Na nilipotazama muda wa kutosha nikaona kitu: ukuta haukuwa umegoma wote.

Kuna dirisha moja kioo chake kimevunjika siku nyingi, nimeziba kwa boksi na boksi lenyewe limelegea, hewa inapita. Pembeni ya dirisha hilo, upana wa mlango hivi, rangi imekauka. Ngumu. Unagonga inalia.

Upande wa pili, kona ya nyuma ya kabati pasipofika hewa, ujiuji mtupu.

Nikaenda kwenye kopo. Nilikuwa nimeliacha wazi. Juu limefanya utando mgumu, chini majimaji kama siku niliyonunua. Halafu mfuniko wake, pale rangi ilipochuruzika nyembamba, pamekauka kabisa.

Nikarudi kwenye kigoda. Akili ikaanza kuwaka polepole kama taa za tubu za zamani.

Pembamba panapopata hewa pamekauka. Panene palipofungiwa hapajakauka. Kumbe mie nilikuwa nailinda rangi na kitu chenyewe inachokitaka!

Nikaingia mtandaoni kuhakikisha, nikasoma sana, na nitawaelezea kwa lugha ya uani.

Rangi ya maji inakauka kwa maji kuondoka. Maji yakishapaa, imebaki rangi yenyewe, umemaliza. Ndiyo maana ni ya haraka, labda mvua inyeshe hewa ijae unyevu, au ukuta wenyewe uwe na maji ndani, hapo itakuvimbia malengelenge.

Ile ya kupuliza inaenda na dawa yake inayoruka upesi, na inakaa nyembamba, kwa hiyo fasta.

Rangi ya mafuta ina mambo mawili. Kwanza kile ulichochanganyia kipae. Halafu yenyewe inavuta hewa, na hewa ndiyo inayoigandisha, kuanzia juu kwenda chini. Ukiipaka nene, juu inafunga ngozi, chini inakosa pumzi, ndiyo inakunjamana. Ukirudia koti kabla la kwanza halijashika, umelifunika na blanketi. Ukifunga madirisha, umeinyima chakula. Ukichanganya mafuta ya taa, hayo hayana haraka ya kuondoka, ni mgeni aliyevua viatu.

Yote hayo nilifanya mie. Hakuna kosa nililoruka. Udi ulikuja kumalizia tu.

Jumatatu hiyo hiyo nikatoka nje ya nyumba. Narudia, NIKATOKA. Nikaenda mpaka duka la mbali kule barabara ya Kilwa, nikarudi na tapentaini na msasa. Majirani waliniona wakaulizana kuna nini kwetu.

Kukwangua ndiko kulikonitoa jasho. Ile ngozi ya juu inatoka kama ganda la kiazi, chini yake inanata kwenye kikwanguo, kwenye vidole, kwenye nyusi. Zuhura akafunga kanga kiunoni akakamata kikwanguo cha pili. Mposwa mwenyewe, wakuu, anajikwangulia ukuta wa posa yake.

"Mume wangu akiniuliza nilijiandaaje," akasema, "nitamwambia nilifanya scrub."

Tukafuta kwa kitambaa na tapentaini, mabaki ya mafuta ya taa yakatoka. Tukaacha ukuta upumue, kesho yake tukaupiga msasa. Kona ya upande wa bafuni ilikuwa na unyevu ndani, nikabandua nikaiacha hivyo hivyo bila rangi, maana ile kuikausha ni kazi ya kiangazi. Nikasogeza kabati mbele yake. Nimewaambia nasema kweli, basi na hilo mlijue.

Sasa hewa. Wakuu, mie natengeneza nini?

Nikaenda uani nikakusanya feni zote za wateja. Za meza, za kusimama, ile isiyo na wavu wa mbele, ile inayolia kama cherehani. Nikazipanga sebuleni nikaziwasha. Mara ya kwanza nilizielekeza ukutani, nikaona zinapeleka vumbi lote huko, nikazima haraka. Nikazigeuza zitazame madirishani, zitoe hewa nje ili nyingine iingie kwa mlangoni.

Madirisha wazi. Mapazia juu. Chetezo nikakificha chini ya kitanda changu, Bimkubwa asikione.

Nikapaka mapema, jua limeshapanda, siyo jioni unyevu unaposhuka. Nyembamba, mpaka Zuhura akasema, "Hiyo umepaka au umeonyesha?" Nikamwambia tulia.

Nikakaa kwenye kigoda nikailinda. Sukari akija mlangoni namtazama tu, anageuka.

Mtaani wanapita wanachungulia. Wananiona nimezungukwa na feni zinanguruma, nimekodolea macho ukuta. Jirani mmoja akamuuliza Bimkubwa kwa sauti ya chini, "Mwanao hajambo?" Bimkubwa akajibu, "Anakausha."

Jumatano asubuhi nikaijaribu. Nyie mnaogusa kwa ncha ya kidole mnajidanganya. Kandamiza dole gumba pasipoonekana, halafu lisokote kidogo. Kama ngozi inasogea, chini bado mbichi. Yangu haikusogea. Nikaipiga msasa laini, nikafuta, nikapaka koti la pili, jembamba vile vile. Nikarudi kwenye kigoda.

Alhamisi mchana Shangazi akaingia. Hajavua hata viatu, keshatoa leso nyeupe kwenye mkoba.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, mwali. Sogea."

Akaipitisha leso ukutani. Nyeupe. Akakandamiza. Nyeupe. Akainama nyuma ya mlango, mahali ambapo fundi mvivu hurashia tu. Nyeupe. Akaisugua kama anasugua sufuria. Nyeupe.

Nikaanza kutabasamu. Mapema.

"Leso si mgongo," akasema. "Mgongo una jasho, na unakaa masaa. Yule mzee wao ni mtu mnene. Akigandishwa hapa kama nzi nitamweleza nini?"

Alikuwa na hoja, na mie nilijua. Kukauka juujuu ni kitu kimoja, kubeba mtu ni kingine.

Halafu Bimkubwa akaingia chumbani kwake. Tukasikia sanduku linafunguka. Akatoka na kanzu.

Ya mzee. Ile nyeupe ya Idi, yenye darizi ya hariri kifuani. Tangu azikwe haijavaliwa na mtu. Bimkubwa huitoa kuianika, anaikunja, anairudisha.

"Vaa," akaniambia. "Egemea."

"Mama, hii..."

"Si umekausha wewe? Egemea."

Wakuu, mtihani wa form four sikuuogopa hivyo.

Nikaivaa. Nikakaa kwenye mkeka, nikafunga macho, nikaegemeza mgongo. Saa za joto lile la mchana, feni nimeambiwa nizime zote. Shangazi kakaa mbele yangu anakula embe kwa pilipili, ananitazama. Jasho linanitiririka mpaka kiunoni. Natamani kujisogeza kidogo nisikie kama imenata, naogopa.

Akamaliza embe. Akanawa. Akaswali alasiri. Akarudi.

"Inuka."

Nikainuka polepole. Hakuna mlio wa kubanduka. Nikasikia tu kanzu imelowa jasho.

"Geuka."

Nikageuka. Nikasubiri mtu aseme kitu, hata tusi.

Nikasikia Zuhura amepiga vigelegele. Vile vya kuanzia tumboni. Bimkubwa akadakia, jirani naye ng'ambo ya ukuta akadakia bila kujua anashangilia nini.

Nikamtazama Shangazi. Anafuta macho kwa ile leso. Akasema, "Kaka yangu angeegemea hapa." Halafu, kwa sababu ni Shangazi, akaongeza, "Haya mwali, toka nje sasa, umeiva."

Ijumaa wazee walikuja. Sebule ilijaa, kanzu nyeupe ukuta mzima kama meno. Yule mzee mnene, babu yake bwana harusi, alikaa pale pale nilipokaa mie. Maneno ya posa yakawa marefu, kashata zikazunguka, kahawa ikazunguka, babu wa watu akasinzia. Kaegemea kabisa, kichwa nyuma, mdomo wazi, anakoroma.

Walipomaliza wakamwamsha, akasimama, akageuka kutafuta fimbo yake. Sie wote wa upande wa bibi harusi, wanaume sebuleni na wanawake waliojibana nyuma ya pazia, tulitazama mgongo ule mmoja. Nadhani wageni walidhani ni mila yetu.

Mweupe kama alivyotoka nao msikitini.

Mzee akaupigapiga ukuta kwa kiganja, akasema, "Nyumba ina ubaridi mzuri hii. Aliyejenga alijua." Nyuma ya pazia nikasikia Bimkubwa anajibu, "Alijua, ahsante." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Ndiyo hayo. Posa imepokelewa, kwa baba yake.

Nililojifunza mie ni dogo: rangi ya mafuta haiharakishwi, inapewa hewa na inapewa nafasi, nyembamba juu ya nyembamba, na mafuta ya taa yabaki kwenye kibatari. Na ewe unayeitwa mvivu kwa sababu unakaa kwenye kigoda, kaa vizuri, lakini utazame kitu.

Shangazi anataka nikampakie sebule yake Kimara. Nimemwambia mie mwali, sitoki hovyo, alete posa kwanza.

Sukari bado ana mstari ubavuni, umefifia ukawa waridi. Mwenye njia ya kuutoa bila kumnyoa paka aseme hapo chini. Na nyie mliowahi kugandishwa na rangi, kwenye benchi, kwenye geti, popote pale, njooni mseme nguo ilikuwa ya rangi gani. Nipo. Nitakuwa wapi kwingine?